Magunia Badala ya Watu

Yasin alikufa asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Aliinama, akasema neno ambalo mkewe hakulisikia vizuri, kisha akabaki vile vile ameinama. Raihana alikuwa chumba cha pili. Alipotoka alidhani mumewe anatafuta kitu chini ya kiti.

Baada ya mazishi alihamia Takaungu kwa mama mkwe wake, Bi Harusi, akakaa eda. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya zamani, yenye kuta nene, na chumba alichopewa kilikuwa na dirisha moja linalotazama uani. Alivaa nguo nyeupe zisizo na ua wala darizi, akaacha wanja na manukato, na hakutoka. Watu walikuja, wakakaa mkekani, wakasoma, wakamshika mikono. Yeye akamwambia kila mmoja ahsante. Walipoondoka hakukumbuka ni nani aliyekuja.

"Hata machozi," alimsikia mwanamke mmoja akinong'ona uani. "Sijamwona kulia."

"Mwacheni," Bi Harusi akamjibu. "Shika chai hii upeleke ndani."

Ni kweli hakulia, na haukuwa ushujaa. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukaingia ganzi, ila yeye ganzi ilimwenea mwili mzima. Akiwekewa chakula, alikula. Akiambiwa apumzike, alijilaza na kutazama boriti za dari mpaka mtu aje kumwamsha, ingawa hakuwa amelala.

Kabla ya hayo alikuwa mhandisi. Kampuni moja ndogo yenye karakana huko Tezo, kaskazini ya mji wa Kilifi, ilikuwa ikiunda gari la deraya la kubebea askari. Lilikuwa na magurudumu manane na mwili wa chuma wa kuzuia risasi, na liliundwa liweze kushuka ufukweni, kuogelea na kupanda ng'ambo bila kungoja daraja wala kivuko. Pua yake ilikuwa pana na mdomo wake umeinama chini, kwa hiyo mafundi walilipa jina la samaki, wakaliita Chewa.

Kazi ya Raihana ilikuwa maji. Wengine walishughulika na injini, wengine na mabamba ya chuma. Yeye alishughulika na jambo moja tu: tani zote zile za chuma zitaeleaje, na zikielea, zitasimamaje wima. Kwa miaka mitatu alikuwa akivutana na wenzake juu ya kila kilichoongezwa. "Ukitaka kuweka kitu juu," aliwaambia, "nitolee kitu kingine huko huko juu." Walimtania kwamba siku moja atapima hata kofia ya dereva. Aliipima.

Eda ilikuwa haijafika nusu Okoth alipokuja kumtazama. Okoth alikuwa mhandisi mwenzake, mtu wa pampu na mipira ya kuzibia maji. Alizaliwa Kisumu Ndogo, Malindi, wazazi wake walikuja kutoka bara zamani, na adabu zake zilikuwa za pwani. Alivua viatu, akakaa kwenye baraza ya nje. Raihana alikaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na Bi Harusi akaweka kigoda chake kati yao, ungo wa mchele mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko kazini?"

"Hatujambo. Dada Raihana, pole tena."

"Nimeshapoa, Okoth."

Okoth alikohoa kidogo. "Sikutaka kukusumbua. Mzee Kahindi ndiye aliyeniambia nipite." Kahindi alikuwa mkuu wa kampuni. "Wanunuzi walirudi baada ya wewe kuondoka. Wametaka bamba la juu liwe nene zaidi, na bunduki ipandishwe ili mpigaji aone mbali. Tumefanya."

"Haya."

"Sasa tukimtia Chewa majini analala upande. Si sana, kidogo tu. Tumeona labda kushoto kumezidi uzito, pengine zile betri. Kwa hiyo tunapakia magunia ya mchanga upande wa kulia mpaka asimame sawa. Kesho wanunuzi wanakuja kumtazama, na ndani tutatia vijana wanane. Nilitaka kujua kama una neno."

Raihana alikuwa akitazama kivuli cha mikono ya Bi Harusi kikitembea juu ya pazia. Maneno ya Okoth aliyasikia yote. Yalimfikia kama redio ya jirani: unajua mtu anazungumza, unajua hata anazungumza nini, lakini hazungumzi na wewe.

"Haya," alisema. "Fanyeni hivyo."

Okoth alingoja. Alizoea kujibiwa kwa marefu. "Basi?"

"Basi."

Akaaga. Alipokuwa anavaa viatu alimgeukia Bi Harusi kwa mzaha. "Mama, gari letu limekuwa kama mtoto aliyekataa usingizi. Asubuhi linalalia kushoto, mchana linalalia kulia."

Bi Harusi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamwambia awasalimu nyumbani.

Siku ya pili asubuhi Raihana alikuwa ameshika kikombe cha chai wakati maneno yale ya mlangoni yalipomrudia. Hakuyaita. Yalikuja tu, kushoto, kisha kulia, na yeye akayatazama.

Kitu kilichozidi uzito kushoto hulala kushoto siku zote. Hakibadili upande. Kinachobadili upande ni kitu kilichokuwa kizito mno kwa juu. Hakiwezi tena kukaa katikati, kinatafuta pa kuegemea, na popote kinapoegemea kinatosheka kwa muda. Ukikitilia uzito upande ulioinuka, kinaanza kunyanyuka polepole, nawe unafurahi, unadhani umekitibu. Kisha kinavuka katikati na kuangukia upande ule ule ulioujaza, na hapo hakuna cha kukizuia.

Hayo aliyajua kama anavyojua jina la mama yake. Na jana, Okoth alipokuwa barazani, yeye aliyajua vile vile, na akasema haya, fanyeni hivyo.

Alikiweka kikombe chini. Alingoja moyo umwende mbio. Haukwenda. Alijua tu kwamba kuna watu wanane na dereva watakaopinduka majini wakiwa ndani ya sanduku la chuma, na alilijua hilo kama alivyojua kwamba chai imepoa.

Akachukua simu. Ya Okoth ilikuwa imezimwa. Ya Kahindi pia. Siku za wanunuzi simu zote hukusanywa langoni, kwa ajili ya usiri. Yeye mwenyewe aliikubali sheria hiyo ilipowekwa. Akajaribu tena, kisha akaenda jikoni.

Bi Harusi alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi.

"Mama, nataka kutoka."

"Kwenda wapi?"

"Kilifi. Horini, wanakolijaribia gari. Nisipokwenda watu watakufa."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na labda ndiyo maana Bi Harusi aliacha kukuna. "Watu gani?"

"Vijana wanane na dereva. Jana Okoth alinieleza wanavyofanya. Wanakosea. Sikumwambia."

"Hukujua kama wanakosea?"

"Nilijua."

Bi Harusi alimkazia macho. Udongo wa kaburi la mwanawe ulikuwa bado haujashikana. Vichochoro vya Takaungu ni vyembamba, na mjane aliye edani akipita na nguo zake nyeupe, kila dirisha litamwona. Yote hayo yalipita usoni mwake, kisha akajifuta mikono kwa upindo wa kanga na kumpigia simu Bwanamkuu.

Bwanamkuu alikuwa mdogo wake Yasin. Alikuwa na gari dogo la kupelekea bidhaa madukani, na alifika akiwa na hasira.

"Mama, huyu yumo edani. Watu watasema nini?"

"Watasema ametoka. Na kweli ametoka. Mjane huruhusiwa kutoka mchana kwa dharura, na hii ni dharura. Kabla ya magharibi atakuwa chumbani mwake. Washa gari, na mimi nakwenda naye."

Bwanamkuu akawasha gari. Waliingia, Bi Harusi mbele, Raihana nyuma kati ya makasha ya sabuni. Walitoka kwenye vichochoro, wakapita minazi, wakaingia barabara kuu, wakavuka daraja la Kilifi. Chini ya daraja maji yalikuwa ya kijani na yametulia. Kwa nyuma, shingo ya Bwanamkuu ilikuwa shingo ya Yasin kabisa, hadi ule mstari ambapo nywele huanza. Raihana aliiona. Aliitazama njia nzima, na haikumwuma.

"Shemeji," Bwanamkuu alisema bila kugeuka, "wakikataa kukusikiliza?"

"Sijui."

Walikunja kushoto, wakafuata njia ya vumbi hadi kwenye lango. Kule ndani, hori, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko, lilikuwa na ghuba ndogo tulivu ambayo kampuni iliikodi kwa majaribio. Mlinzi hakumtambua Raihana kwa mavazi yale.

"Samahani, mama. Leo haingii mtu."

Bi Harusi akashusha kioo. "Mwanangu, nenda kamwite Okoth. Mwambie kuna msiba."

"Poleni sana. Wa nani?"

"Bado. Ndiyo tunataka usiwepo. Nenda."

Mlinzi alikwenda, tena kwa haraka.

Okoth alikuja akitembea upesi, akamwona Raihana amesimama kando ya gari, akapunguza mwendo kama mtu anayeingia msikitini.

"Dada. Kulikoni?"

"Ulisema anabadili upande. Kushoto, kisha kulia. Ni kweli au ulikuwa mzaha?"

"Ni kweli. Mara mbili nimeona mwenyewe."

"Bila ya kuhamisha kitu ndani?"

"Bila..." Okoth alikuwa mhandisi mzuri. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akageuka kutazama majini, kisha akamshika mlinzi bega. "Mfungulie."

Chewa alikuwa ameshatiwa majini. Lewa, dereva wa majaribio, mtu mfupi wa hapo hapo Tezo, alikuwa amempeleka hadi karibu na mikoko na sasa anamrudisha ufukweni. Chewa alisimama wima kabisa, paa lake jipya likimeta na bunduki imeinuka juu kama shingo. Chini ya turubai wanunuzi wawili walikaa kwenye viti, madafu mkononi. Karibu na maji vijana wanane wa karakana, wanaume sita na wanawake wawili, walikuwa wanafungana vizibao na kofia za chuma. Walikuwa wanacheka. Mmoja wao, Mueni, msichana wa kuchomelea vyuma, alimwona Raihana akampungia mkono, kisha akakumbuka msiba na kuushusha.

Kahindi alitoka chini ya turubai. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, na kwa miezi kadhaa alikuwa halali vizuri. "Bi Raihana? Jamani, si ungepumzika. Lakini umekuja wakati mzuri. Mtazame. Amesimama kama meza."

"Amesimama kwa sababu mmemfikisha ukingoni," Raihana alisema. "Hakuzidi kushoto, mzee. Amezidi juu. Hana pa kukaa katikati. Magunia mliyoweka kulia yamemwinua, na kitu kidogo tu kitamwangusha huko huko kulia. Vijana watakaa wapi?"

"Watakaa, halafu katikati ya maji watafungua vifuniko vya juu na kusimama, ili wageni waone askari wanavyoweza kupiga risasi wakiwa majini."

"Wakisimama, uzito wao unapanda juu nao. Hapo atapinduka."

Kahindi alitazama turubai, akateremsha sauti. "Kwa heshima zote za msiba wako, wewe umekuwa nyumbani. Huyu si Chewa yule uliyemwacha."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Tumemzungusha asubuhi nzima. Nikiwaambia hawa hakuna majaribio, wataondoka na hawatarudi. Unajua tumetoka wapi na jambo hili."

"Usiwaambie hakuna. Mfanye majaribio. Toeni watu, wekeni magunia. Magunia manane, kila moja zito kama mtu, yafungwe juu pale vijana wanapotaka kusimama. Lewa ashuke. Mumkokote kwa boti na kamba ndefu."

"Na ikiwa umekosea?"

"Nitakuwa nimekosea. Nitarudi nyumbani."

Alisema kwa sauti ile ile aliyomwambia Bi Harusi jikoni, na Kahindi, ambaye alimzoea akigonga meza na kuchora michoro hewani, alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kumshika. Hakupapata. Akafungua mdomo kusema jambo, lakini Lewa alikuwa ameshafika ufukweni na kuzima injini, kichwa chake kikitokeza kwenye tundu la dereva. Alikuwa amesikia.

"Mimi nashuka," Lewa alisema.

"Lewa, ngoja kwanza."

"Mzee, huyu alinipima mpaka kofia. Akisema nishuke, nashuka." Akajivuta nje, akaruka kwenye maji ya magotini, akaja juu.

Mambo yalikwisha hapo. Gari bila dereva halingekwenda popote. Kahindi alirudi chini ya turubai kuzungumza na wanunuzi. Yule mkubwa wao, mwenye masharubu ya mvi, alitikisa kichwa kukubali na kuendelea na dafu lake. Vijana walivua vizibao wakanung'unika kidogo, wakapandisha magunia, wakayafunga kwa kamba juu ya vifuniko. Raihana alisimama kando. Okoth alimletea kiti, hakukikalia.

Boti ilivuta. Chewa aliteleza kutoka ufukweni, maji yakampanda magurudumu, kisha kifua, kisha akaelea. Alisimama wima. Boti ikamvuta taratibu hadi katikati ya ghuba, na bado alisimama wima, na magunia manane yamesimama juu yake kama watu wanaotazama mandhari. Mtu mmoja kati ya vijana alicheka. Kahindi hakumtazama Raihana, na alijitahidi kutomtazama.

Kisha mtu wa boti alikata kona, na wimbi dogo la boti yenyewe, lisilofika hata kiganja cha mkono, likaja kumgusa Chewa ubavuni.

Aliinama kulia. Ilikuwa polepole, kama mtu anayeegemea ukuta. Watu walingoja asimame. Aliendelea. Maji yalifika kwenye ukingo wa paa, yakaingia kwenye vifuniko, na hapo mwendo ukabadilika. Alijitupa mzima kwa mara moja, bunduki ikapotea, tumbo likatokea, na magurudumu manane yakabaki juu yanatiririsha maji. Kishindo kilifika ufukweni baadaye kidogo. Mapovu yalitoka chini yake kwa muda mrefu. Kisha paa lake likagota mchanga wa chini, akatulia hivyo, miguu juu.

Kipande cha kamba ya magunia kiliibuka, kikaelea.

Mueni alikaa chini mahali alipokuwa amesimama. Vijana wengine walibaki wamejipanga vile vile, wakihesabu kwa macho, labda, viti walivyokuwa wamegawiwa. Lewa alivua kofia yake akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Mlango wa nyuma," alisema, bila kumwambia mtu. "Mlango wa nyuma hufunguka kwa chini. Gari likiwa miguu juu, usingefunguka."

Raihana alitazama. Kichwani mwake alikuwa anapima pembe ambayo maji yaliingia vifunikoni, na ilikuwa karibu sawa na aliyoikisia. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Aliwatazama wale wanane mmoja mmoja, kwa makusudi, akijaribu. Hapakuwa na kitu.

Yule mnunuzi mwenye masharubu alikuja hadi aliposimama. "Wewe ni nani?"

"Ni mtu wa maji, katika hii kampuni."

"Kwa nini hukuwepo mlipoongeza bamba?"

"Nilifiwa na mume wangu."

Mzee yule alivua miwani yake. "Pole," alisema. "Lile bamba niliomba mimi." Akaondoka na mwenzake bila kuaga watu wengine.

Okoth alimsindikiza hadi kwenye gari la Bwanamkuu. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Alikuwa ameingia majini bila sababu yoyote, mara gari lilipopinduka, na kutoka tena.

"Jana ulisema tufanye," alisema.

"Nilisema."

"Nilikuuliza kama una neno."

"Uliniuliza. Kasirika, Okoth. Ni haki yako."

"Ningekasirika. Lakini sioni wa kumkasirikia. Umesimama hapo kama ukuta."

"Sisikii kitu moyoni," Raihana alisema. "Nimewatazama wale watoto wote. Sisikii kitu. Nimekuja kwa hesabu tu."

Okoth alifikiri. "Leo hesabu imetosha," alisema, akamfungulia mlango.

Ndani ya gari Bi Harusi alikuwa analia. Alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo cha mbele. Alilia kwa sauti ya chini, mabega yanatikisika, na Bwanamkuu ameshika usukani, hajui la kufanya. "Nafikiria mama zao," Bi Harusi alisema. "Mama zao wako nyumbani sasa hivi, wanapika." Raihana alinyosha mkono kutoka nyuma akamshika bega. Aliuacha uwe hapo mpaka walipovuka daraja. Hilo aliweza.

Takaungu walizungumza, kama ilivyotarajiwa, na baada ya wiki chache wakapata la kuzungumza jingine. Eda iliendelea. Sasa Kahindi na Okoth walikuja mara kwa mara, wakakaa barazani na michoro, na Raihana akawajibu kutoka nyuma ya pazia, na Bi Harusi katikati, ambaye siku moja aliuliza kwa nini wasiliteremshe lile libunduki tu. Waliliteremsha. Bamba nene la paa liliondolewa, na unene ukaongezwa chini na ubavuni tu. Kila ubavu wa Chewa uliwekewa masanduku mepesi yaliyojazwa povu gumu lisiloingia maji, yamwongezee upana anapoogelea. Mlango wa nyuma ulitengenezwa ufunguke kwa ndani hata gari likiwa limepinduka. Hilo la mlango alilidai Lewa, akasema hatakaa tena kwenye tundu lile bila hilo. Ilikuwa kazi ndefu, na Raihana aliifanya yote, sawasawa, bila kukosea, kama mtu anayekunja nguo za watu wengine. Wanunuzi walikaa kimya muda mrefu, kisha wakauliza majaribio ni lini.

Eda ilipokwisha alioga, akavaa nguo za kawaida, akarudi Tezo. Wenzake walimpokea kwa upole uliopita kiasi. Yasin alikuwa amekufa na hilo lilikuwa jambo analolijua. Alifanya kazi, akarudi nyumbani.

Siku ya majaribio Chewa alizungushwa na magunia kwanza, muda mrefu, kwa mawimbi ya boti mbili. Kila alipoinama alirudi. Ndipo Kahindi akasema watu wapande. Vijana walijitokeza wale wale, maana hakuna aliyetaka kuonekana amekimbia. Lakini Mueni alifika mlangoni akasimama. Aliweka mguu mmoja ndani, akautoa.

"Siwezi," alisema. "Nisameheni. Nimeota mara nyingi mno."

"Nipe kofia," Raihana akamwambia.

"Dada, si lazima wewe."

"Lazima viti vijae. Nipe."

Aliingia akakaa kwenye kiti cha mwisho. Mlango ulifungwa. Ndani kulikuwa na taa moja ndogo na harufu ya rangi na mpira mpya, na magoti ya watu yanagusana. Injini ilinguruma. Kisha gari likainama mbele, na sauti ya magurudumu juu ya mchanga ikakatika, na badala yake ikaja sauti ya maji yakipita nyuma ya ukuta wa chuma, hapo hapo penye sikio lake. Kwa miaka yote ile alikuwa ameandika juu ya maji hayo. Hakuwahi kuyasikia kutoka ndani.

Walikwenda hivyo kwa muda. Kisha Lewa akakata kona, na Chewa akainama kushoto.

Raihana alijua kwamba atarudi. Alijua pembe yenyewe. Lakini mwinamo ulifika pale ulipotakiwa kufika ukangoja, na katika kungoja kule mikono yake ilishika chuma cha kiti kwa nguvu hata kucha zikauma. Moyo ulikuwa unampiga mbavu. Hakutaka kufa. Hakutaka kabisa kufa, hapo, ndani ya sanduku hili, mbali na watu, maji yakimjia gizani. Alishangaa jinsi alivyokuwa hataki.

Chewa alirudi wima.

Kijana aliyekaa mbele yake alimwinamia. "Dada, uko sawa? Umetoka jasho."

"Naogopa," Raihana alisema.

"Sote tunaogopa."

"Mimi naogopa sana." Na sauti yake ilivunjika katikati ya neno la mwisho, akashindwa kuizuia, na vijana wakatazama pembeni kwa adabu mpaka gari lilipogusa mchanga.

Alitoka akapiga hatua chache. Alikaa kwenye mchanga wenye maji, kofia bado kichwani, analia, na hakujali ni nani anamwona. Okoth alikuja akachuchumaa kando yake kwa umbali wa heshima. Kahindi alisimama nyuma, hajui kama ashangilie au asubiri.

Ilichukua muda. Mwishowe alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Okoth," alisema, "anachelewa kurudi. Kwenye kona, akiinama. Anarudi, ila anakaa pale kidogo. Kwenye karatasi si kitu. Aliye ndani hawezi kuvumilia."

"Tumpanulie yale masanduku ya ubavuni?"

"Tumpanulie. Na juu mlangoni wekeni kidirisha, hata kama ni kidogo. Watu waone nje."

"Kidirisha kitaongeza uzito."

"Najua," Raihana alisema. "Nitautoa mahali pengine." Akanyosha mkono, na Okoth akamshika, akamsaidia kusimama.